Kabla ya Kukata Tiketi, Uliza Upepo

Barua za safari za ng'ambo mwezi huu zimezidi, na karibu zote zinaanza na bei ya tiketi. Sisi tunaanza na upepo. Manahodha wa majahazi walikwenda Arabuni na Bara Hindi kwa kusi, upepo wa kusini, na kurudi kwa kaskazi, upepo wa kaskazini. Ndege haingoji upepo, lakini joto na mvua utakayoikuta Maskati au Chennai bado inaletwa na pepo hizo hizo. Tumechagua barua sita.

Maskati au Salalah?

*Assalaam alaykum. Wifi yangu anaishi Maskati na kila siku anatuita. Watoto wakifunga skuli mwezi wa Juni tunataka kwenda wiki mbili, na tiketi tumeziona ni rahisi. Jamaa wengine wanasema tusikae Maskati, twende Salalah tukaone khareef. Khareef ni kitu gani hasa, na tuchukue nguo gani? — Mama wa watoto watatu, Kiembesamaki*

Waalaykumu salaam, mama. Tiketi ni rahisi kwa sababu wenyeji wenyewe mwezi huo wanakimbia. Joto la mchana Maskati mwezi wa Juni hufika nyuzi 40 na kupita, na usiku halishuki sana chini ya 30. Serikali ya Oman hukataza kazi za nje kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni mpaka Agosti. Mji unachangamka baada ya Magharibi. Watoto waliozoea kushinda nje watafungiwa ndani na kiyoyozi wiki mbili, na wifi yako atachoka kabla yao.

Khareef, basi, ni kusi yetu. Upepo huu huu unaozitikisa boti za Pemba, ukivuka ikweta hupinda na kuwa upepo wa kusini-magharibi, ukaipiga pwani ya Dhofar, jimbo la kusini mwa Oman lenye mji wa Salalah. Pale maji ya baridi huinuka kutoka chini ya bahari, hewa yenye unyevu inapoa, inageuka ukungu na manyunyu, kisha inanasa kwenye milima iliyo nyuma ya Salalah. Upande wa pili wa milima hiyo ni jangwa tupu. Msimu huhesabiwa kuanzia 21 Juni hadi 21 Septemba, lakini hapa ndipo wageni wanapokosea: majani hayaoti kwa tarehe. Wiki za mwanzo milima bado ya rangi ya udongo. Kijani chenyewe kinakolea mwisho wa Julai na Agosti, na maporomoko ya Wadi Darbat yanategemea mvua ya mwaka huo. Ukenda Juni utakuta ukungu bila ya majani.

Na tuseme ukweli mwengine. Salalah ya khareef ina nyuzi kama 20 hadi 27, manyunyu, minazi, migomba, na vibanda vya madafu na mapapai kando ya barabara. Mtu wa Riyadh au Dubai analipa pesa nyingi kuyaona hayo, na ana haki. Wewe unayaacha Kiembesamaki, tena wakati wa kipupwe, ukavuke bahari ukayatazame huko! Kama nia ni kuona jamaa, ngoja likizo ya Disemba. Maskati mchana itakuwa nyuzi 25 hivi, usiku 17 au 18, watoto wataogelea, na mtaweza kupanda Jebel Akhdar. Huko juu ni zaidi ya mita 2,000 na usiku wa Disemba baridi inakaribia sifuri, kwa hiyo sweta na soksi ni lazima. Gari iwe ya kuendesha magurudumu yote manne. Polisi wa Birkat al-Mawz, pale njia ya mlima inapoanzia, wanairudisha gari ndogo bila ya mjadala.

Mkishikilia Salalah, nendeni Agosti kwa ndege. Kwa barabara kutoka Maskati ni kama kilomita 1,000. Ndege na vyumba vya Agosti vikatwe miezi miwili kabla. Bahari ya khareef haiogwi. Mawimbi yake yanaua watu kila mara. Mlimani dereva awashe taa mchana na asipite gari ya mbele kwenye ukungu. Nguo: koti jepesi la mvua, viatu vyenye meno, na pea ya pili ya suruali kwa kila mtoto kwa sababu nguo hazikauki.

Mambo ya adabu hayatakusumbua, ila machache. Kahawa hutanguliwa na tende, finjani hupokewa kwa mkono wa kulia, na ukitosheka unaitikisa finjani kidogo unapoirudisha. Ukiirudisha kimya utajaziwa tena. Kanga ni ya ndani, njiani buibui. Mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi: ukifika Alkhamisi usiku na una shida ya ofisi, jishike mpaka Jumapili. Zawadi, usibebe haluwa. Wana yao na wanajivunia. Peleka achari ya embe iliyofungwa vizuri, viungo na doti za kanga. Karafuu zinunue dukani zilizokwisha kufungwa, na uweke risiti, kwa sababu kubeba mzigo uliotoka shamba ni magendo. Dawa zenye kodeini au tramadol usizitie mfukoni bila ya cheti cha daktari; nchi za Ghuba hazina mzaha nazo.

Mama mgonjwa, Chennai, mwezi wa Novemba

*Mama yangu, umri miaka 67, ameshauriwa apelekwe Chennai kwa matibabu ya moyo. Hospitali imeshatuandikia, wanampokea wakati wowote kuanzia Novemba. Tunatoka Chake Chake na tutakwenda watatu. Novemba kunafaa? — Kijana wa Chake Chake*

Mwenyezi Mungu amjaalie mama shifaa. La kwanza muulizeni daktari: linangoja au halingoji? Kama halingoji, nendeni hata kukinyesha mawe. Kama linaweza kungoja wiki kadhaa, basi jueni kuwa Novemba ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote Chennai.

Wengi wetu tunajua mvua ya India ni Juni hadi Septemba. Hiyo ni ya Mumbai, ambako Julai peke yake hunyesha zaidi ya milimita 800. Chennai iko pwani ya mashariki, nyuma ya milima ya Ghats, na upepo wa kusini-magharibi unafika huko umeshaimwaga mvua yake nyingi njiani. Mvua kubwa ya Chennai inaletwa na upepo wa kaskazini-mashariki uliopita juu ya Ghuba ya Bengal, Oktoba hadi Disemba, na mara nyengine unakuja na vimbunga. Disemba 2015 mafuriko yaliufunga uwanja wa ndege wa Chennai kwa siku kadhaa. Disemba 2023 kimbunga Michaung kikaufunga tena. Mgonjwa wa moyo katika chumba cha chini, umeme umekatika na njia imejaa maji, si jambo la kubahatisha.

Wakati mzuri ni kuanzia wiki ya tatu ya Januari hadi mwanzo wa Machi: mchana nyuzi 30 hivi, usiku 21, jua kavu. Kwa nini wiki ya tatu? Kuanzia 14 au 15 Januari kuna Pongal, sikukuu ya mavuno ya Watamil ya siku nne, na kliniki za wagonjwa wa kawaida hufungwa au hufanya kazi nusu. Kuanzia Aprili joto linapanda, na Mei nyuzi 40 si ajabu.

Novemba ikiwa haikwepeki, fanyeni hivi. Chumba kiwe ghorofa ya pili kwenda juu, mahali pa kwenda hospitali kwa miguu, na muulize kama nyumba ina jenereta. Dawa za mama ziwe za siku kumi zaidi ya safari. Tiketi ya kurudi iwe inayobadilika tarehe, hata kama ni ghali kidogo. Angalieni tarehe ya Diwali, sikukuu kubwa ya Wahindu, ya mwaka huo, kwa sababu huangukia Oktoba au Novemba.

Idadi yenu imekaa pale pale kwenye mpaka: mgonjwa mmoja anaruhusiwa viza mbili za wasindikizaji, hakuna ya tatu. Kinachorudisha maombi mara nyingi ni majina. Barua ya hospitali imeandika Hamis, pasipoti imeandika Khamis. Barua ina majina mawili, pasipoti ina matatu. Itazameni herufi kwa herufi kabla ya kuilipia viza, na jina likiwa na kosa iombeni hospitali iandike upya. Filamu za picha na majibu ya asili yakae kwenye mkoba wa mkononi, yasiingie kwenye begi la chini ya ndege.

Mkifika, laini ya simu isajiliwe siku ya kwanza kwa pasipoti, maana karibu kila malipo na kila miadi inatumiwa namba ya siri kwa simu. Saa zao ziko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Ile nusu ndiyo inayosahaulika mnapopigiana simu na nyumbani. Mkahawa mwingi utaukuta hauna nyama kabisa. Nyama ya halali ipo tele mtaa wa Triplicane, kwenye msikiti mkubwa wa Wallajah. Na muuguzi akitikisa kichwa huku na huku mithili ya mtu anayekataa, hajakataa. Mara nyingi amesema ndiyo.

Sasa ya huku kwetu. Boti ya Mkoani na ndege ya ng'ambo zisiwekwe siku moja. Upepo ukizidi boti huzuiwa, na shirika la ndege halitakuuliza bahari ilikuwaje. Lalani Unguja usiku mmoja, na kwa miezi ya kusi, usiku mbili.

Nguo za sikukuu kutoka Guangzhou

*Nina duka dogo Darajani. Nataka kwenda China mara ya kwanza kununua nguo za watoto za Idi ya 2027. Wenzangu wanasema nisubiri maonesho ya Guangzhou ya Oktoba. Ni kweli? — Mfanyabiashara wa Darajani*

Kwa nguo, hapana, na sababu ni hesabu. Maonesho ya Guangzhou, ambayo yapo tangu 1957, hufanywa mara mbili kwa mwaka: 15 Aprili hadi 5 Mei, na 15 Oktoba hadi 4 Novemba. Yana awamu tatu za siku tano tano. Ya kwanza ni mashine na vyombo vya umeme, ya pili ni vifaa vya nyumbani na mapambo, na nguo, viatu na vitu vya watoto viko ya tatu. Ile ya Oktoba, awamu hiyo inaanza tarehe 31.

Rudi nyuma kutoka sikukuu. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa karibu na 8 Februari, na Idi karibu na 10 Machi. Wateja wanaanza kutafuta nguo Ramadhani ikifika katikati, kwa hiyo mzigo uwe dukani wiki ya kwanza ya Februari. Bahari, bandari na ushuru, wekea miezi miwili. Kiwanda kinataka siku 30 hadi 45 baada ya kupokea arbuni, ambayo kwa kawaida ni asilimia 30. Ukiagiza 2 Novemba, mzigo unamalizika katikati ya Disemba na unafika Ramadhani imeshaingia wiki nzima. Kosa moja tu la saizi na umekwisha. Wala usitegemee kusukuma kazi Januari: Mwaka Mpya wa Kichina ni 6 Februari 2027, na wafanyakazi wanaanza kuondoka kurudi kwao wiki mbili tatu kabla.

Nenda Septemba 2026, baina ya tarehe 5 na 20. Tarehe 25 kuna sikukuu ya mwezi wa vuli, na kuanzia 1 Oktoba nchi nzima inapumzika wiki. Septemba ina ubaya wake: ni joto la unyevu, nyuzi 30 na zaidi, na ni msimu wa vimbunga, kile cha Mangkhut kilipiga jimbo la Guangdong, ulipo mji wa Guangzhou, 16 Septemba 2018 na shughuli zikasimama. Weka siku tatu za ziada.

Tena maonesho ni ya watu wa makontena. Kiwanda kitakuambia kiwango cha chini ni vipande 1,000 kwa rangi moja. Duka dogo linafaidika zaidi na masoko ya jumla: Baima karibu na stesheni ya reli ya Guangzhou kwa nguo, au kwenda mji wa Yiwu kwa vitu mchanganyiko. Chukua utepe wa kupimia na nguo tatu za watoto wa huku, umri wa miaka miwili, mitano na minane, kama vipimo. Namba iliyoandikwa kwenye shingo ya nguo ya Kichina ni urefu wa mtoto kwa sentimita, si umri: 110 ni mtoto wa miaka mitano hivi. Hapo wengi wamekosea.

Kabla ya kuondoka, tia Alipay kwenye simu na uiunge na kadi yako ya benki, kwa sababu wauzaji wengi hawashughuliki na noti. WhatsApp haifunguki kwa laini ya Kichina. Tumia laini ya huku iliyowashwa huduma ya ng'ambo. Ukilala kwa rafiki badala ya hoteli, ujiandikishe polisi ndani ya saa 24. Chakula cha halali utakiona kwa mabango ya kijani yenye maandishi ya Kiarabu, hasa mtaa wa Xiaobei. Neno la kuuliza ni "qingzhen". Kadi ya biashara hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili. Muuzaji akikumiminia chai katikati ya mapatano, gonga meza kwa vidole viwili: hiyo ndiyo asante ya Guangzhou, na inamlegeza mtu kuliko kikokotoo. Saa ya ukutani usiipeleke kuwa zawadi. Kwa Kichina kumpa mtu saa kunasikika kama kumzika.

Umra ya baba

*Baba ana miaka 71. Tumpeleke Umra Rajab au Ramadhani? — Bububu*

Kwa hali ya hewa, mwaka huu ni sawasawa. Rajab ya 1448 inaangukia takriban 10 Disemba 2026 hadi 8 Januari 2027, na Ramadhani ni Februari; zote mbili Makka ina nyuzi 30 mchana na 20 usiku. Si kama Hija ya 2024, iliyoangukia Juni na kipimo kikafika 51.8. Tofauti ni msongamano na bei ya chumba, na kwa mzee wa miaka 71 sisi tunasema Rajab. Madina usiku hushuka hadi 12, kwa hiyo apate koti na soksi.

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Nguo za ihramu zikae mkononi. Wako wanaozitia kwenye begi kubwa, likaenda chini ya ndege, na miqati, mpaka wa kutia nia na kuvaa ihramu, ikapita wamevaa suruali. Kibali cha kuingia Raudha, katika Msikiti wa Mtume Madina, kinaombwa kwa programu ya simu ya Nusuk na kwa kawaida ni mara moja kwa siku 365, basi msiombe saa ambayo mzee amezoea kulala.

Uingereza mwezi wa Januari

*Nimepata nafasi ya kusoma Uingereza, masomo yanaanza Januari. Ninunue koti hapa au huko? — Mwanafunzi, Jang'ombe*

Pitia marobota ya mitumba kabla ya duka lolote. Makoti mazito yanakuja humo na hapa hayana mnunuzi. Litafute lisilopitisha upepo, lenye kofia, na liwe kubwa kiasi cha kuvaliwa juu ya sweta. Fulana ya pamba iliyoloa jasho inakugandisha, kwa hiyo za ndani nunua huko, za sufu au za joto. Viatu viongeze namba moja kwa ajili ya soksi nene.

Kitakachokushtua zaidi ni mchana. London mwanzo wa Januari jua linatoka saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na dakika chache. Adhuhuri ni saa sita na dakika chache, Alasiri inaingia karibu na saa nane, Magharibi saa kumi na dakika chache, na sala zote tatu zinaangukia ndani ya vipindi vya darasa. Peleka ratiba ya sala kwa mwalimu wako wiki ya kwanza. Vyuo vingi vina chumba cha sala, ukiuliza. Kibla, ambacho hapa ni kaskazini karibu moja kwa moja, kule ni kusini-mashariki. Huduma ya afya ya huko inashauri vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku wakati wa baridi, na kwa wenye ngozi nyeusi au wanaojisitiri mwili mzima, mwaka mzima. Ni vidonge vya bei ndogo. Usivipuuze.

Ndege imeniacha, na nilifika siku yake

*Tiketi iliandikwa tarehe 15, saa 01:30. Nilifika uwanjani tarehe 15 jioni, nikaambiwa imeondoka jana usiku. Nani mwenye kosa? — Msomaji, Wete*

Tiketi haikukosea, ndugu yetu. Saa 01:30 ni saa saba na nusu usiku, na kwa hesabu ya Kizungu tarehe hubadilika saa sita za usiku, si Magharibi kama sisi tulivyozoea. Ulitakiwa uwe uwanjani tarehe 14, saa nne na nusu usiku. Tiketi yoyote yenye saa inayoanzia 00 hadi 05, andika juu yake kwa kalamu usiku wa kuamkia tarehe ngapi, na mwambie mwenye gari hivyo hivyo.